Kutengeneza na Kufunga Kompyuta ya Skrini ya Kugusa Ndani ya Land Cruiser

Kabla ya kununua chochote, jiulize kama kweli unahitaji kompyuta. Mtu anayetaka muziki, kupokea simu na ramani ya mjini atahudumiwa vizuri zaidi na redio ya Android inayouzwa Kariakoo au Luthuli Avenue, ambayo fundi ataifunga kwa saa chache na kuondoka. Kompyuta ya kujitengenezea inamfaa mwenye gari linaloshinda porini, anayehitaji ramani zisizotegemea mtandao, kumbukumbu ya kila njia aliyopita, volti za betri zake zote mbili mbele ya macho, na uhuru wa kuongeza au kuondoa kitu bila kumwomba mtu ruhusa. Mfano ninaoutumia hapa ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 yenye injini ya 1HZ, gari ambalo mafundi wa Arusha na Nairobi wamelirefusha na kulipandisha paa kwa ajili ya safari za mbugani, na kompyuta ni Raspberry Pi 4, kompyuta kamili iliyojengwa kwenye bodi moja ndogo. Mwenye gari jingine atabadilisha vipimo tu, kwa kuwa kanuni za umeme ni zilezile.

Na umeme ndio kazi yenyewe. Kompyuta ya kwanza niliyoifunga niliiendesha kwa chaja ya kawaida ya tundu la kiberiti. Ilifanya kazi vizuri mjini kwa wiki mbili, kisha siku tuliyokuwa tukipanda Ngorongoro ikaanza kuonyesha alama ndogo ya radi kwenye kona ya skrini, na jioni, baada ya kuzima na kuwasha gari mara kadhaa, haikuwaka tena: kadi ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika. Kompyuta yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoiangusha ni volti pungufu, pamoja na kukatiwa umeme ghafla katikati ya kuandika. Karibu kila hitilafu niliyoiona baadaye katika magari ya wenzangu ilikuwa na mojawapo ya sababu hizo mbili, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu nyaya.

Kuchagua vifaa

Raspberry Pi 4 yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha. Toleo la 5, lililotoka mwaka 2023, lina kasi zaidi, lakini chanzo cha umeme kinachopendekezwa kwake ni cha volti 5 na ampea 5, na joto lake linadai feni. Feni ndani ya gari linalokula vumbi la barabara ya Naabi, huko Serengeti, hugeuka kuwa mashine ya kufyonza vumbi. Pi 4 hutosheka na volti 5.1 na ampea 3, na kasha la alumini linaloigusa prosesa moja kwa moja huipoza bila kitu chochote kinachozunguka.

Skrini rahisi kuanza nayo ni ile rasmi ya inchi 7, yenye nukta 800 kwa 480, ambayo huunganishwa kwa utepe mwembamba bila kuhitaji waya wa HDMI. Kasoro yake ni mwanga hafifu: jua la saa nane mchana likiingia kwa pembeni, ramani haionekani vizuri. Ukitaka isomeke juani, tafuta skrini ya HDMI yenye mwanga wa niti 800 au zaidi, huku ukijua kwamba itakula umeme zaidi na kutoa joto zaidi. Mimi nimebaki na ile ya kwanza, nikaijengea ukingo wa kuzuia jua kwa kipande cha plastiki nyeusi.

Vitu vingine ni hivi: kipunguza volti kinachopokea volti 8 hadi 36 na kutoa volti 5 kwa ampea 5, relei ya muda inayochelewa kukata umeme, kishikio cha fyuzi chenye kifuniko, na fyuzi za ampea 5, waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, mwekundu na mweusi. Optokapla ya PC817, kijifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga badala ya waya, na rezista ya omu 1,500. Kipokezi cha GPS cha USB. Saa ndogo ya DS3231 yenye betri yake, kwa kuwa Pi 4 haina saa inayoendelea kutembea ikizimwa. Na kadi ya kumbukumbu ya aina inayotengenezwa kwa ajili ya kamera za usalama, ambayo huvumilia kuandikwa mara nyingi. Usiweke diski ya kuzunguka. Mawimbi ya barabara ya changarawe yataimaliza.

Utahitaji pia multimita. Asiye na multimita asiguse nyaya za gari.

Hatua ya kwanza: lijue gari lako

Fungua boneti uangalie betri. Land Cruiser nyingi za dizeli zilizotoka Japani zikiwa zimetumika zina mfumo wa volti 24, yaani betri mbili zilizofuatanishwa, ilhali nyingine zenye betri mbili ni za volti 12 na betri hizo zimeunganishwa sambamba. Kuwapo kwa betri mbili hakukuelezi lolote, pima. Gari la volti 12 lililozimwa, lenye betri nzuri, husoma takribani 12.6, na injini ikiwaka husoma kati ya 13.8 na 14.4. La volti 24 husoma maradufu ya hapo.

Ikiwa gari ni la volti 24, utakutana na fundi atakayekushauri uchukue volti 12 kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Kataa kwa heshima. Betri inayochukuliwa umeme peke yake itakuwa pungufu siku zote, na mwenzake itachajiwa kupita kiasi, mpaka zote mbili zife kabla ya wakati wake. Kipunguza volti kinachopokea hadi 36 kimechaguliwa kwa sababu hiyo: kinakula volti 24 moja kwa moja.

Kisha tafuta waya wa swichi ya ufunguo utakaoiambia kompyuta kwamba gari limewashwa. Hapa pana mtego. Katika magari mengi, waya wa vifaa vya ziada, ule unaoilisha redio, hukatwa umeme kwa muda ufunguo unapopelekwa kwenye stata, wakati waya wa mfumo wa kuwashia injini hubaki na umeme. Shika multimita kwenye waya unaodhani unafaa, mwombe mtu apige stata, na uangalie namba. Ikishuka hadi sifuri kisha ikarudi, huo si waya bora. Ikishuka hadi 9 au 10 tu, umeupata.

Hatua ya pili: iandae kompyuta mezani

Usifunge kitu kwenye gari kabla hakijafanya kazi mezani kwa siku kadhaa mfululizo. Weka Raspberry Pi OS, yaani mfumo endeshi wake, unganisha skrini, kisha weka programu ya gpsd, ambayo husoma kipokezi cha GPS na kugawa taarifa zake kwa programu nyingine. Kwa ramani, Navit hufanya kazi vizuri kwenye mashine ndogo na hutumia data ya OpenStreetMap. Pakua faili la nchi nzima ya Tanzania au Kenya ukiwa na mtandao mzuri, uligeuze kuwa ramani ya Navit, na baada ya hapo hutahitaji mtandao tena. Vitufe vya programu vikuze. Kidole cha mtu anayerukarukia kwenye kiti hakilengi kitufe cha milimita tano.

Ukiwa bado mezani, fanya jambo ambalo lingeiokoa kompyuta yangu ya kwanza. Ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi, kwenye mipangilio ya utendaji, mna chaguo la mfumo wa mafaili wa overlay. Ukiliwasha, kadi inakuwa ya kusomwa tu, na kila kinachoandikwa wakati wa kazi hukaa kwenye kumbukumbu ya muda na kupotea kompyuta inapozimwa, kwa hiyo hata umeme ukikatika ghafla, mfumo kwenye kadi unabaki kama ulivyokuwa. Rekodi za njia ulizopita zielekeze kwenye flashi ya USB iliyo kando, ambayo ikiharibika utapoteza rekodi tu. Liwashe chaguo hili mwisho kabisa, baada ya kukamilisha mipangilio yote, la sivyo utashangaa kila asubuhi kwa nini mabadiliko ya jana yametoweka.

Hatua ya tatu: njia ya umeme

Chukua umeme kwenye betri yenyewe, si kwenye waya wa redio wala wa tundu la kiberiti. Weka fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya, umbali usiozidi sentimita 20, kwa sababu kazi ya fyuzi hiyo ni kuulinda waya: ukichubuka na kugusa bodi mahali popote baada ya fyuzi, itakatika, ukigusa kabla ya fyuzi, gari litaungua. Waya upitishe ndani ya bomba la plastiki lenye mikunjo, na pale unapoingia kwenye ukuta wa injini, uupitishe kwenye mpira wa tundu lililopo. Ukilazimika kutoboa tundu jipya, livishe mpira, maana ukingo wa bati hukata waya taratibu kama msumeno.

Kutoka hapo waya uende kwenye relei ya muda, kisha kwenye kipunguza volti, kisha kwenye kompyuta. Kipunguza volti kifungwe karibu na kompyuta, nyuma ya dashibodi, ili safari ndefu ifanywe na volti 12 na safari ya volti 5 iwe fupi. Hesabu yake ni hii. Waya wa USB wa kawaida wenye nyuzi za milimita mraba 0.2 na urefu wa mita moja una ukinzani wa karibu omu 0.17, kwenda na kurudi. Ampea 3 zikipita humo, nusu volti inapotea njiani, na 5.1 zako zinafika zikiwa chini ya 4.6. Raspberry Pi huonyesha alama ya radi pale volti zinaposhuka chini ya 4.63. Ndiyo ile alama niliyoiona nikipanda Ngorongoro. Waya wa volti 5 usizidi sentimita 30, nao uwe mnene.

Waya hasi urudishe kwenye betri, au uufunge kwenye bolti safi ya bodi baada ya kukwangua rangi mpaka chuma king'ae, kisha upake grisi juu yake. Usiufunge kwenye skrubu ya plastiki ya dashibodi, kama nilivyowahi kuona.

Kwa nini relei? Kompyuta hii pamoja na skrini yake hula wati 8 hivi. Ukijumlisha kinachopotea kwenye kipunguza volti, betri inatoa karibu ampea 0.75. Ni kidogo, lakini ukiiacha ikiwaka usiku na mchana itakula ampea-saa 18 kwa siku, na gari lililoegeshwa siku tatu litakuwa limepoteza zaidi ya nusu ya betri ya ampea-saa 100. Injini ya dizeli yenye silinda sita haitawaka kwa nusu betri asubuhi ya baridi ya Karatu.

Relei ya muda hupokea ishara kutoka kwenye ule waya wa ufunguo ulioutafuta. Ufunguo ukizimwa, inaendelea kutoa umeme kwa muda uliouweka, tuseme dakika mbili, kisha inakata. Katika dakika hizo kompyuta inapaswa kujizima yenyewe kwa utaratibu.

Hatua ya nne: kuifundisha kompyuta kujizima

Pini za Raspberry Pi za kupokea na kutoa ishara, ziitwazo GPIO, hazivumilii zaidi ya volti 3.3. Ukiunganisha waya wa volti 12 moja kwa moja kwenye pini, umeua kompyuta kwa sekunde moja. Optokapla inatatua jambo hili kwa kutenganisha kabisa umeme wa gari na wa kompyuta: upande mmoja una taa ndogo, upande wa pili una kitu kinachoiona taa hiyo, na kati yao hapana waya. Waya wa ufunguo uingie kwenye upande wa taa kupitia rezista ya omu 1,500, au omu 3,300 kwa gari la volti 24. Upande wa pili uunganishwe kati ya pini ya GPIO 17 na ethi ya kompyuta. Pini hiyo uipangie kuvutwa juu na kompyuta yenyewe, ili ufunguo ukiwashwa isome chini, na ufunguo ukizimwa isome juu.

Andika programu fupi ya Python inayosoma pini hiyo kila sekunde. Ikisoma juu kwa sekunde 30 mfululizo, itoe amri ya `shutdown -h now`. Sekunde hizo 30 zina maana: mtu huzima gari getini, akaandikisha, akawasha tena, na kompyuta haina haja ya kulala na kuamka kwa jambo dogo hilo. Pia zinakukinga iwapo ulilazimika kutumia waya unaokatika wakati wa stata.

Kuna kasoro moja iliyobaki. Ufunguo ukirudishwa wakati kompyuta imeshaanza kujizima, relei haitakata umeme kwa kuwa ishara imerudi, na kompyuta italala huku inapata umeme, bila sababu ya kuamka. Suluhisho ni kitufe kidogo cha kubonyeza kati ya pini ya GPIO 3 na ethi. Kompyuta iliyolala ikiguswa hapo huamka. Kifunge mahali dereva anapofikia bila kuangalia.

Hatua ya tano: kuifunga skrini

Ondoa terminali hasi ya betri kabla ya kuingiza mkono nyuma ya dashibodi. Kisha pima nafasi. Tundu la redio kubwa lina milimita 180 kwa 100, ilhali skrini rasmi ya inchi 7 ina milimita 194 kwa 110, kwa hiyo haiingii ndani. Inakaa juu ya tundu, na fremu inaficha kingo. Nilikata fremu yangu kwa bati la alumini la milimita 2, nikaipaka rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu alumini tupu ilinirudishia jua machoni.

Usifunge chuma kwa chuma. Kata washa za mpira kutoka kwenye tyubu kuukuu ya tairi, uziweke mbili mbili kwenye kila bolti, moja kila upande wa bati, na utumie nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegei kwa mtikisiko. Utepe wa skrini ndio kiungo dhaifu kuliko vyote: baada ya kufunga vibano vyake, ushikize kwa tepu isiyoyeyuka kwa joto, na uuache na ulegevu kidogo ili usivutwe skrini inapocheza. Kompyuta yenyewe isikae juu ya dashibodi chini ya kioo cha mbele. Ifunge chini, nyuma ya paneli, mahali penye hewa. Prosesa huanza kujipunguzia kasi ikifika nyuzi 80 za Selsiasi, na gari lililofungwa vioo juani limeshakupandishia joto kabla hujawasha chochote.

Kama gari lako ni jipya na lina mifuko ya hewa, usipitishe waya wala kufunga fremu mbele ya kifuniko chake. Kipokezi cha GPS kikae juu ya dashibodi karibu na kioo, kwani paa la bati huzuia ishara.

Hatua ya sita: majaribio

Rudisha terminali ya betri, weka fyuzi na uwashe. Fungua dirisha la amri uandike `vcgencmd get_throttled`. Jibu unalolitaka ni `0x0`. Ukipata `0x50000`, volti zilishuka wakati fulani tangu kompyuta iwake, hata kama sasa ziko sawa. Rudi kwenye waya wa volti 5 uufupishe. Rudia kipimo taa zote zikiwa zimewashwa, na tena baada ya kupiga stata.

Jaribio la pili ni la redio ya mawasiliano, ambayo karibu kila gari la safari linayo. Washa redio ukiwa nje ya mji, kwenye masafa yasiyo na mtu, usikilize, kisha uiwashe kompyuta. Vipunguza volti vya bei rahisi hutoa kelele inayomeza sauti za mbali, na mwongoza watalii asiyesikia wenzake wakiulizana chui yuko wapi atakung'olea kompyuta hiyo siku hiyohiyo. Zungushia nyaya za kipunguza volti kwenye pete ya feraiti, ile inayozuia kelele za umeme, mara tatu au nne, kisha kiweke mbali na waya wa antena. Kelele ikibaki, nunua kipunguza volti chenye kasha la chuma.

Mwisho, zungumza na fundi wako. Wapo mafundi wanaopima alteneta kwa kuchomoa terminali ya betri injini ikinguruma. Betri ndiyo inayotuliza volti za alteneta. Ikiondolewa ghafla, volti huruka hadi makumi mengi kwa muda mfupi, zaidi ya zile 36 ambazo kifaa chako kinavumilia. Mwambie atumie multimita. Vilevile, kabla ya kuchomelea chuma chochote kwenye bodi au chesisi, toa fyuzi na uchomoe plagi ya kompyuta. Mimi nimebandika karatasi yenye maneno hayo chini ya boneti, karibu na fyuzi.

Baada ya kilomita 500 za kwanza za barabara mbovu, fungua paneli uangalie: nati, utepe, bolti ya ethi, na mahali waya unapopita kwenye mpira wa ukuta wa injini. Pangusa vumbi kwa brashi kavu, soma tena `get_throttled`, kisha ufunge.